Kompyuta Ndogo za Mezani katika Vituo vya Afya: Je, Nguvu Zake Zinatosha?

Katika mapokezi ya zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu, kauli kwamba "mfumo unasumbua" imekuwa ya kawaida kama salamu. Mgonjwa huisikia akiwa dirishani na kadi yake ya bima mkononi; muuguzi huitamka huku akilivuta tena daftari ambalo alidhani ameshaagana nalo. Aghalabu lawama hukiangukia kile kisichoweza kujitetea, yaani kikasha cha kompyuta kilichopo mezani. Kikiwa kidogo na cha bei nafuu, hukumu hutolewa mapema zaidi: hakina nguvu, kinunuliwe kikubwa.

Hukumu hiyo ina gharama. Fedha za kituo ni zilezile zinazonunua glovu, vitendanishi vya maabara na dawa za watoto, na kila shilingi inayotumika kununua mashine kubwa isiyohitajika inaondoka katika moja ya mafungu hayo. Kwa upande wa pili, kompyuta dhaifu inayomlazimu tabibu kusubiri dakika nzima kila anapofungua jalada la mgonjwa humrudisha kwenye karatasi. Taarifa ambayo haikuingizwa leo haitaonekana siku mgonjwa yuleyule atakaporudi, pengine hajitambui, akiwa na mzio wa dawa inayotaka kuchomwa. Ndiyo maana swali hili linawahusu wahudumu na wagonjwa, wala haliwezi kuachiwa fundi peke yake: je, kompyuta ndogo za mezani za bei nafuu zina nguvu ya kutosha, na zinaweza kuongezewa uwezo kadiri kazi inavyokua?

Jibu kwa ufupi ni kwamba, kwa kazi nyingi za kila siku, kichakataji cha kompyuta hizo kinatosha na kusaza. Upungufu hujitokeza kwenye kumbukumbu, kwenye diski na kwenye nafasi ya kuongeza vitu hivyo viwili. Mnunuzi anayeangalia kasi peke yake huwa ameacha kuangalia kile kitakachomkwamisha.

Ni kompyuta ipi inayozungumziwa?

Kwa miaka mingi kompyuta ya mezani ilikuwa na kasha kubwa la kusimama, lile ambalo wengi wamezoea kuliita CPU. Kwa hakika CPU ni jina la kichakataji, kipande kidogo ndani ya kasha hilo kinachofanya mahesabu. Sehemu kubwa iliyobaki ni feni, kifaa cha kugeuza umeme, nafasi za kadi za ziada, na hewa. Kompyuta ndogo ya mezani imeziondoa nafasi hizo. Ujazo wake ni kama lita moja, sawa na kitabu kinene, na nyingine hukaa kiganjani. Monita, kibodi na kipanya huunganishwa kando, na umeme huingia kupitia adapta ya nje kama ile ya kompyuta mpakato.

Wazo lenyewe si geni. Januari 2005 kampuni ya Apple ilitoa Mac mini kwa bei ya kuanzia dola 499, bila monita wala kibodi. Mwaka 2012 Intel ikatambulisha familia ya NUC, vikasha vyenye upana wa sentimita 10 hivi. Mwaka 2023 ikajitoa katika biashara hiyo na kuikabidhi kwa ASUS. Dell, HP na Lenovo nazo zilitengeneza kompyuta za lita moja kwa ajili ya maofisi, kama vile OptiPlex Micro, EliteDesk Mini na ThinkCentre Tiny, ambazo sasa hupatikana katika maduka ya vifaa vilivyotumika. Kwa zile mpya za bei ya chini, kichakataji kinachokutwa mara nyingi ni Intel N100, kilichotoka mwaka 2023.

Kazi za kituo zinahitaji nguvu kiasi gani?

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe ina jibu. Mwaka 2001, Kituo cha Afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo mzima uliendeshwa kwa kompyuta mbili zilizounganishwa, zikitegemea UPS na betri za umeme wa jua pale umeme wa kawaida ulipokatika. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Uzoefu uliopatikana huko ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, mfumo ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Nchini Malawi, shirika la Baobab Health la Lilongwe lilitumia vifaa vidogo vya skrini ya kugusa, vyenye kula umeme kidogo, katika kliniki za dawa za kufubaza VVU.

Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti mia chache tu, na simu ya mkononi ya bei ndogo ya leo huzipita mbali. Hata hivyo foleni ilipungua, kwa sababu kazi ilipangwa vizuri na mashine ilipewa mzigo unaolingana nayo.

Mifumo ya sasa kwa sehemu kubwa hufunguliwa kupitia kivinjari cha intaneti. Ndivyo ilivyo kwa GoTHOMIS, unaosimamiwa na TAMISEMI nchini Tanzania, na kwa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambamo taarifa za MTUHA huingizwa. Katika mpangilio huo kazi nzito ya kutafuta, kupanga na kuhifadhi hufanywa na seva. Kompyuta iliyo mbele ya mhudumu huonyesha fomu, hupokea maandishi na kuyatuma.

Kwa mzigo wa namna hiyo, kichakataji kama N100 chenye viini 4 hakichoki. Uwezo wake unakaribiana na ule wa Core i5-6500 ya mwaka 2015, ambayo ilibuniwa kwa wati 65, ilhali N100 imebuniwa kwa wati 6. Mapokezi, dirisha la malipo, dirisha la dawa, chumba cha tabibu na meza ya muuguzi wa wodi, kote huko kompyuta ndogo inatosha.

Mahali inapokwama

Ili kuelewa kompyuta inakwama wapi, ifikiriwe masijala ya wagonjwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya karani. Diski ni kabati la majalada. Karani akiwa hodari lakini meza yake ikatosha jalada moja tu, atashinda akisimama na kukaa, akirudisha moja na kuchukua jingine. Hilo ndilo hutokea kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kivinjari chenye kurasa kadhaa, programu ya kingavirusi na Windows yenyewe huijaza meza hiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa. Gigabaiti 8 ni kiwango cha chini cha kufanyia kazi kwa utulivu. 16 humpa mtumiaji nafasi ya miaka ijayo.

Kabati nalo lina aina zake. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na kila jalada hutafutwa kwa mkono unaosogea juu yake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo jalada hutoka papo hapo. Kompyuta ya miaka mingi iliyobadilishiwa diski ya kuzunguka ikawekewa SSD huwashangaza watumiaji wake, maana huwaka kwa sekunde badala ya dakika, ilhali kichakataji ni kilekile.

Kuna mtego wa tatu. Kompyuta nyingi za bei ya chini kabisa huja na hifadhi ya aina ya eMMC ya gigabaiti 64, iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 64 za hifadhi na gigabaiti 4 za kumbukumbu. Kompyuta yenye vipimo hivyo imetimiza sharti la kuwaka, basi. Masasisho machache yakiingia, kabati hujaa, na hakuna pa kuongeza rafu.

Kipimo kabla ya dawa

Hakuna mhudumu wa afya anayeanzisha dawa ya malaria bila kipimo. Kanuni hiyo inafaa pia kwa kompyuta inayolalamikiwa kuwa nzito. Katika Windows, mtumiaji akibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, hufunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi kichakataji, kumbukumbu, diski na mtandao vinavyotumika. Dirisha hilo lifunguliwe wakati kompyuta iko katika hali ile inayolalamikiwa, kama mgonjwa wa homa anavyopimwa akiwa na homa.

Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 90, tiba ni kuongeza kumbukumbu, au kufunga programu zisizohusu kazi. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu, na ni ya kuzunguka, tiba ni SSD. Kichakataji kikibaki juu kwa dakika nyingi huku hakuna kazi nzito, ichunguzwe kama kuna virusi au programu iliyojificha. Vyote vikiwa chini na bado ukurasa haufunguki, kompyuta haina kosa. Kosa liko kwenye mtandao au kwenye seva, na kununua kompyuta nyingine kumi hakutaharakisha chochote. Mara nyingi kebo iliyolegea, swichi iliyokufa nusu au Wi-Fi inayopenya kuta tatu ndiyo inayomsimamisha mgonjwa dirishani. Kebo ya mtandao hadi kwenye kila meza ni uwekezaji unaostahili kutangulia kompyuta mpya.

Nafasi ya kuongezewa uwezo

Kazi ya kituo haibaki palepale. Huduma mpya huanzishwa, fomu huongezeka, mifumo husasishwa na kuwa mizito zaidi. Kwa hiyo kinachotenganisha kompyuta ya miaka miwili na ya miaka saba ni iwapo inaweza kufunguliwa na kuongezewa.

Mac mini inaonyesha jinsi jambo hili linavyobadilika hata ndani ya jina moja la biashara. Toleo la mwaka 2012 lilimruhusu mmiliki kubadilisha kumbukumbu kwa mkono wake. Lile la mwaka 2014 lilikuja na kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao. Mwaka 2018 kumbukumbu ikarudi kuwa ya kuchomeka, ingawa kuifikia kulihitaji fundi. Tangu mwaka 2020 imekuwa sehemu ya kichakataji chenyewe, na kiasi kilichonunuliwa siku ya kwanza ndicho cha maisha yote. Jina la kifaa, basi, halitoshi kuwa ushahidi. Toleo husika ndilo la kuchunguzwa.

Kompyuta za ofisi za lita moja kwa kawaida zina nafasi mbili za kumbukumbu na sehemu ya kuweka SSD, na nyingi hufunguliwa kwa skrubu moja. Zile za N100 kwa kawaida zina nafasi moja tu ya kumbukumbu, na kiwango rasmi cha juu ni gigabaiti 16. Kwa dirisha la dawa hicho si kikwazo. Kikwazo kikubwa ni kumbukumbu iliyochomelewa ikiwa gigabaiti 4.

Milango ya kuunganishia vifaa ni upande mwingine wa suala hilihili, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kibodi, kipanya, printa ya stakabadhi, kisomaji cha msimbo-mistari na diski ya nje huhitaji milango mitano ya USB kabla ya kitu kingine chochote. Maabara ina hitaji lake maalumu: mashine nyingi za kuhesabu chembe za damu hutuma majibu kupitia mlango wa zamani wa RS-232, ambao kompyuta ndogo nyingi hazina. Kebo ya kugeuza USB kuwa RS-232 hupatikana, lakini ijaribiwe na mashine husika kabla ya manunuzi, kwa kuwa jibu la hemoglobini linalopotea njiani humrudisha mteknolojia kunakili kwa mkono, na kunakili kwa mkono huzaa makosa. Zaidi ya hayo, kompyuta hizi kwa kawaida hazina nafasi ya kuchomeka kadi kubwa ya ziada. Kituo kinachojua kwamba mashine yake ya maabara huhitaji kadi maalumu kichague kasha la kawaida.

Umeme, joto na vumbi

Faida kubwa ya kompyuta ndogo katika mazingira yetu iko kwenye umeme. Kompyuta ndogo na monita yake hutumia kama wati 35. Kasha kubwa la zamani pamoja na monita hufikia kama wati 100. Betri ya umeme wa jua ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, na ikiondolewa hasara ya inveta, zinabaki kama wati-saa 500. Kwa kasha kubwa hizo ni saa 5. Kwa kompyuta ndogo ni saa 14. Katika zahanati isiyo na umeme wa gridi, tofauti hiyo ni kati ya mama anayejifungua usiku kuandikishwa saa ileile na kuandikishwa asubuhi kwa kukisia.

UPS ndogo nayo hudumu mara mbili au tatu zaidi. Adapta ya nje ikiungua kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, hubadilishwa yenyewe bila kugusa kompyuta, mradi volti, ampea na ncha zilingane. Ni busara kituo kuwa na adapta moja ya akiba kwa kila aina ya kompyuta.

Udogo una hasara yake pia. Joto halina pa kukimbilia. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na mtumiaji huona tu kwamba mchana kompyuta ni nzito kuliko asubuhi. Kikasha kisifungiwe kwenye droo wala kurundikiwa majalada, na kisiwekwe sakafuni panapofagiliwa. Vumbi la Dodoma na Singida huziba feni, na hewa ya chumvi ya Tanga, Mtwara au Unguja hula viungio vya chuma. Zile zisizo na feni huepuka vumbi na kelele, lakini zinahitaji chumba chenye hewa. Nyingi huweza kufungwa nyuma ya monita kwa skrubu. Hapo meza hubaki wazi na rahisi kufutwa, jambo lenye maana katika kuzuia maambukizi, kwa kuwa meza, kibodi na kipanya huguswa na mikono mingi iliyotoka kwa wagonjwa wengi.

Kazi zisizoifaa

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kazi ya kwanza isiyoifaa kompyuta ndogo ya bei ya chini ni kusoma na kutunza picha za mionzi. Picha moja ya eksirei ya kifua yenye pikseli 2,500 kwa 3,000, kila pikseli ikichukua baiti 2, ina megabaiti 15. Kituo kinachopiga picha 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kitajaza gigabaiti 90 kila mwaka zisipobanwa. Kipande kimoja cha CT cha pikseli 512 kwa 512 ni nusu megabaiti, hivyo uchunguzi wenye vipande 600 hufikia megabaiti 300. Kuzifungua haraka, kuzigeuza na kuzilinganisha na za zamani kunahitaji kumbukumbu kubwa, hifadhi inayopanuka, na zaidi ya yote monita iliyotengenezwa na kusawazishwa kwa kazi hiyo. Ufa mwembamba wa mfupa unaweza kupotea kwenye monita ya kawaida ya ofisi hata kama kompyuta ina nguvu za ajabu. Tabibu anayetaka kuiona tu picha iliyokwisha kusomwa na mtaalamu anaweza kutumia kompyuta yake ndogo bila shaka.

Ya pili ni programu zinazosoma picha za kifua zenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za aina hiyo zitumike kutafuta dalili za kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Mahitaji yake hutegemea iwapo hesabu hufanyika kituoni au kwenye seva ya mbali, na mtengenezaji ndiye wa kuulizwa. Vivyo hivyo, mashine ya GeneXpert huletwa na kompyuta yake, na haifai kubadilishiwa nyingine bila idhini.

Ya tatu ni seva ya kituo. Kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya kutosha inaweza kubeba mfumo wa zahanati, lakini mara nyingi haina nafasi ya diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Hospitali inayoweka majalada ya maelfu ya watu kwenye diski moja imeyaweka rehani. Popote seva ilipo, nakala akiba itunzwe nje ya jengo hilo na ijaribiwe kurejeshwa mara kwa mara.

Mpya au iliyotumika?

Kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya mara nyingi hufunguka kwa urahisi kuliko mpya ya bei sawa. Lakini kuna tarehe ya kukumbukwa: Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa vichakataji vya Intel kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Kizazi husomwa kwenye namba: i5-6500T ni cha 6, i5-8500T ni cha 8. Muuzaji anayetoa kwa bei ya kutupa kompyuta ya kizazi cha 6 huwa anajua kwa nini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama haifai kubeba taarifa za wagonjwa kwenye mtandao. Pale ambapo mifumo yote ya kituo hufunguliwa kwa kivinjari, mfumo endeshi wa Linux unaweza kuirudishia maisha kompyuta ya zamani, mradi afisa TEHAMA wa halmashauri athibitishe kwamba printa na vifaa vingine vinakubaliana nao.

Siri ya mgonjwa

Kikasha kinachoingia kwenye mkoba kinaibiwa kama simu. Anayekichukua hachukui plastiki na chuma peke yake. Huenda anaondoka na majina ya wanaotumia dawa za VVU katika kata nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo kikasha kifungwe kwa kebo ya chuma kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Diski isimbwe ili isisomeke nje ya kompyuta yake, na ufunguo wa dharura utunzwe na mganga mfawidhi. Kila mhudumu awe na neno la siri lake mwenyewe. Kompyuta inapouzwa au kutupwa, diski ifutwe kitaalamu au iharibiwe.

Kabla ya kulipa

Kamati ya manunuzi inaweza kujilinda kwa maswali machache, na majibu yake yaandikwe katika hati ya zabuni:

1. Kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, ni ya kuchomeka au imechomelewa, na inaweza kufikia ngapi?
2. Diski ni SSD ya kubadilishika, au ni eMMC ya ubaoni?
3. Ina milango mingapi ya USB, na ina mlango wa kebo ya mtandao?
4. Imejaribiwa na printa, kisomaji na mashine za maabara zilizopo kituoni?
5. Itapokea masasisho ya usalama hadi lini?
6. Adapta na vipuri vinapatikana nchini, na nani atatoa huduma katika kipindi cha dhamana?

Inafaa pia kununua moja kwanza, kuiweka mapokezi kwa wiki mbili zenye wagonjwa wengi, kisha ndipo ziagizwe nyingine.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Atunze kadi na namba yake ya jalada, kwani kumtafuta mtu kwa jina pekee huchelewesha foleni na huweza kufungua jalada la mwingine. Aone monita imegeuziwa mhudumu, si watu waliopanga foleni. Ikiwa imegeuzwa vibaya, ana haki ya kusema. Na akiambiwa mfumo umekata ilhali ana mgonjwa anayevuja damu au mtoto anayedegedeka, akumbuke kwamba dharura haisubiri kompyuta. Kila kituo kinapaswa kuwa na fomu za karatasi tayari kwa saa hizo, na mtu aliyepewa jukumu la kuziingiza mfumo unaporejea.

Kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza kuhudumia kituo cha afya kwa miaka mingi ikiwa na gigabaiti 8 au zaidi za kumbukumbu, SSD, kebo ya mtandao, umeme uliolindwa na kifuniko kinachofunguka. Ikikosa hayo, hata bei ya nusu ni hasara, na hasara hiyo huanza kulipwa na yule aliyesimama dirishani.